Jeni si mbovu, zimewashwa tu
Dada wa Kirumba, umeuliza kama lupasi ya mdogo wako, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ni jeni mbovu za ukoo. Siyo hivyo hasa. Kurithi kunachangia, ila kwenye damu tatizo ni jeni za kawaida zinazofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2003 watafiti walikuta kwa wagonjwa wengi jeni zinazoamshwa na intaferoni, protini inayopiga mbiu virusi vikiingia, zimewaka wakati virusi havionekani. Ni sawa na kuwasha karabai zote za kuvulia dagaa usiku wa mbalamwezi: mafuta yanaungua, dagaa hawaji. Dawa ya anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2021, huziba njia hiyo ya intaferoni. Ila haidroksiklorokwini, dawa ya kawaida ya lupasi, mdogo wako asiiache bila daktari, hata akijisikia mzima kabisa.