Waya ulioganda kwenye mega 94

Ukiona spidi ya intaneti kwa waya inacheza kwenye mega (yaani megabiti kwa sekunde) 93, 94, 95 na haivuki hapo hata saa tisa usiku, usikimbilie kuilaumu kampuni ya faiba. Tatizo huenda liko humo humo ndani kwako.

Nilikuwa nimepandisha kifurushi kutoka mega 50 hadi 200. Simu kwenye Wi-Fi, nikikaa karibu na ruta, ilisoma 180 na ushee. Kompyuta ya mezani yenye waya: 94. Sasa mtu aliyekua akiambiwa kuwa Wi-Fi ni ya kubahatisha na waya ndio wa uhakika, hilo alimezeje? Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Kaka, huku kwetu laini yako iko sawa," akasema dada wa upande wa pili. Nikamjibu vibaya. Wiki mbili hizo, zima ruta, subiri, washa.

Jibu lilikuwa kwenye ile 94. Ruta na kompyuta zikiunganishwa kwa waya hukubaliana kwanza mwendo, kwa kawaida mega 1,000 au 100. Zikitulia kwenye 100, kama mega tano au sita huliwa na anwani na vifungashio vya data yenyewe, nawe unabakiwa na 94 hivi. (Faili likishuka kwa megabaiti 11 na kitu kwa sekunde, ni ugonjwa ule ule: baiti moja ni biti nane, zidisha kwa 8 uone.) Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Mwendo wa 100 hutumia jozi mbili tu, wa 1,000 unazitaka zote. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikosa mawasiliano, kwa kawaida hakuna kinachozimika, mwendo unashuka tu hadi 100. YouTube inacheza, barua pepe zinaingia, na wewe unaapa kwamba waya ni mzima.

Kwenye Windows 11 ingia mipangilio ya mtandao, bonyeza Ethernet, shuka chini mpaka uone 1000/1000 au 100/100. Yangu ilikuwa 100/100.

Nikachomoa waya, nikamulika kile kichwa cha plastiki kwa tochi ya simu. Nyuzi sita zilikuwa zimefika hadi mwisho. Zile mbili za kahawia zilikuwa zimeishia nyuma kidogo, meno ya shaba yanauma hewa. Na kichwa kile nilikibana mwenyewe, Jumapili moja, kwa koleo la kuazima. Nikakikata, nikanyoosha nyuzi zikawa sawasawa, nikabana kipya. 1000/1000, na kipimo kikasoma 190 na kitu.

Kama huna koleo, jaribu kwanza waya mwingine, ila uhesabu rangi ndani ya kichwa chake: baadhi ya nyaya za bure zinazokuja na ruta zina nyuzi nne tu. Angalia pia boksi la ruta. Likiwa limeandikwa 10/100, hakuna waya utakaokuokoa, badilisha ruta. Na kama kompyuta inaonyesha 1000/1000 lakini spidi bado haipandi, ingia kwenye ruta uangalie kama kuna mtu aliwahi kuweka kikomo cha spidi akasahau kukiondoa.

Yule dada sijampigia tena. Ningeanzia wapi?