Borrow au lend? Majibu ya maswali yenu ya Kiingereza mwezi huu

Meseji za mwezi huu nyingi zinafanana, yaani mtu Kiingereza anakijua ila anakwama kwenye maneno mawili ambayo sisi kwa Kiswahili tunayasema kwa neno moja. Nimechagua maswali manne.

*Shikamoo mwalimu. Niko form two, juzi nilimwambia mwenzangu "borrow me your pen" darasa zima likacheka, na mi sijaelewa kosa liko wapi maana si ndo "niazime kalamu"? Mwanafunzi, Morogoro.*

Marahaba mwanangu. Usione aibu kabisa, hata hao waliocheka ukiwauliza sababu wengi hawana. Kosa limetoka kwenye neno azima, sisi tunalitumia pande zote mbili, unasema "niazime kalamu" ukimaanisha nipe kwa muda, halafu dakika mbili baadae unasema "hii kalamu nimeiazima kwa dada", hapo sasa wewe ndo umepewa, na neno ni lile lile. Kiingereza hakikubali hivyo. Anayetoa ana lend, anayepokea ana borrow.

Dawa yake ni hii, ukitaka kusema azima weka kopa kichwani, maana kwenye kukopa Kiswahili kimetenganisha vizuri kabisa, mimi nakopa, Mangi wa dukani ananikopesha, na hakuna anayechanganya hapo hata mtoto mdogo aliyetumwa sukari. Kwahiyo "nikopeshe" ni "lend me your pen", na "naweza kukopa" ni "can I borrow your pen". Borrow inatembea na from, lend inatembea na to, na wakati uliopita ni lent, sio lended.

Kama umeshasoma Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, picha yote iko mle: Antonio anaenda kwa Shylock kutafuta mkopo wa miezi mitatu wa dukati 3,000, yaani sarafu za dhahabu za enzi hizo, ili rafiki yake Bassanio aende kuposa. Antonio borrows, Shylock lends. Ukichanganyikiwa jiulize tu nani atakuja kudaiwa, huyo ndo wa borrow.

*Mwalimu habari za kazi, mimi ni mhudumu wa hoteli huku Nungwi. Mgeni aliniagiza maji nikamwambia "I'm coming" nikaenda jikoni, narudi namkuta ananishangaa. Nilikosea nini?*

Hukukosea adabu kaka, ulikosea neno. Sisi "nakuja" tunaisema hata tukiwa tunaondoka, mtu anainuka kwenye kiti anakwambia nakuja halafu anatoka nje, na wote tunaelewa anarudi sasa hivi. Mgeni wako yeye anajua come ni kumsogelea, sasa anakuona unampa mgongo. Sema "I'll be right back". Ila akikuita wewe ukiwa kaunta, hapo "I'm coming" ni sahihi kabisa maana unamfuata alipo. Bring na take wala zisikusumbue, ni kuleta na kupeleka.

*Mwanangu wa darasa la nne anasema "I hear cold", na wakati mwingine "I hear a bad smell". Nimrekebisheje bila kumvunja moyo? Mama, Tanga.*

Dada yangu, huyo mtoto anafikiri kwa Kiswahili kizuri tu! Sisi kusikia kwetu kumebeba mengi mno, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu, wakati Kiingereza hear ni ya masikio peke yake. Mfanyie hivi, mwambie ashike masikio, ikiingia hapa ni hear. Ashike pua, hapo ni smell. Ikiwa mwilini ni feel, ila baridi na njaa mara nyingi wao wanasema "I'm cold", "I'm hungry" basi, hear haipo. Na ukimaliza hapo mfundishe na listen, hiyo haitamsumbua kwasababu tunayo, ni kusikiliza. Ukimwita yuko uani na anajifanya hajasikia, he hears you but he isn't listening, na akitaja anayesikilizwa aseme "listen to", hiyo to wengi sana wanaisahau.

*Kwenye barua ya kuomba kazi nimemalizia "I expect to hear from you soon". Rafiki yangu anasema inasikika kama amri, ni kweli? Msomaji, Arusha.*

Ni kweli mdogo wangu, na nashukuru umeuliza mapema. Kwa Kiswahili "natarajia majibu yako" ni maneno ya heshima, ila expect ina uzito wa kitu unachoona lazima kiwepo, bosi akikwambia "I expect you at eight" anamaanisha saa mbili kamili uwe umefika, hakuna mjadala. Wewe unaomba, kwahiyo tumia hope, yaani natumaini: "I hope to hear from you". Au "I look forward to hearing from you", na iwe hearing sio hear. Badilisha sentensi hiyo moja tu, barua yako nyingine yote nimeisoma iko sawa, itume.