Jibu: Hedifoni za Bluetooth kusikika kama simu kwenye kompyuta ya mezani

Salaam ndugu. Umesema hedifoni zako zinaimba vizuri kwenye simu, ila kwenye kompyuta ya mezani sauti inakuwa nyembamba na besi inapotea, hasa ukiwa kwenye kikao cha mtandaoni. Yalinikuta hayo hayo hapa Kisasa, Dodoma, nikakaribia kununua nyingine.

Anza na maiki. Bluetooth ya kawaida haibebi stereo safi (sauti tofauti kwa kila sikio) na maiki kwa pamoja. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, sauti inashushwa hadi ile ya kupigia simu, yenye ubora wa chini wa kHz 8 au 16, tena mono (sauti ileile moja masikioni mote). Fungua mipangilio ya sauti ya Windows, upande wa kuingiza sauti chagua maiki nyingine, hata ya waya ya bei ndogo. Kwangu muziki ulirudi palepale. Funga pia programu za vikao zilizobaki wazi.

Ikiwa sauti inakatikakatika, hilo ni jambo jingine: kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye USB kikikaa nyuma ya kasha la chuma la kompyuta, jirani na tundu la USB 3.0, mawimbi yake ya GHz 2.4 huvurugwa. Kichomeke kwenye waya wa kurefusha, kikae juu ya meza.

Ukijaribu rudi utuambie, na utaje toleo lako la Windows.