Chakula husagwa au humeng'enywa?

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano aliandika kwenye zoezi la sayansi kwamba "chakula husagwa tumboni". Mwalimu akamkata, akasema jibu ni "humeng'enywa". Mimi tangu utotoni nasema tumbo linasaga chakula. Ina maana tunakosea? (Mama, Morogoro)

JIBU: Hamkosei, mama. Tumbo husaga kweli: misuli ya kuta zake hukaza na kulegea, ikikivuruga chakula pamoja na asidi hadi kiwe kama uji mzito. Kabla ya hapo magego yameshasaga. Sentensi ya mwanao ningeipa alama.

Kasoro huja "kusaga" inapobebeshwa kazi nzima. Mahindi yakisagwa yanakuwa unga, lakini bado ni mahindi. Kumeng'enya kunakwenda mbele zaidi: chakula huvunjwavunjwa mpaka kigeuke kitu kingine ambacho mwili unaweza kukifyonza. Mpe mwanao tonge la ugali mtupu, mwambie atafune taratibu asimeze haraka. Baada ya muda atasikia utamu kwa mbali. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kugeuza wanga kuwa sukari, na meno peke yake hayawezi kazi hiyo. Jina hilo, kimeng'enya, limezaliwa na kitenzi hichohicho, ndiyo maana walimu wa sayansi wanaking'ang'ania.

Mimi ningeuliza zaidi kuhusu "tumboni". Sehemu kubwa ya mmeng'enyo hufanyika kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi kwa mtu mzima. Huko ndiko nyongo iliyotengenezwa na ini inakomiminwa, pamoja na majimaji ya kongosho, na huko ndiko virutubisho vingi hufyonzwa kuingia kwenye damu. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kufyonza maji yaliyobaki. Kwa daktari ukisema "tumbo linaniuma" unaeleweka, kwa sababu tumbo ni pia eneo lote kuanzia chini ya mbavu. Kwenye mtihani, tumbo na utumbo vitenganishwe. Buchani napo kuna mambo yake: Dar es Salaam utaagiza utumbo, Nairobi utaagiza matumbo.

Halafu mkumbushe mwanao ritifaa, ile alama (') inayokaa baada ya ng. Wengi huandika "mmengenyo", ikasomeka kwa ng ya ngoma, ilhali hii ni ng' ya ng'ombe.