Mimi ndiye niliyemripoti

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Sheria ya Mungu ikigongana na Katiba, wewe unafuata ipi?" Nilijibu kimoyomoyo kabla sijafika mwisho wa sentensi. Matendo ya Mitume 5:29, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kwisha maneno. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, mtu wa Nyamira, Kenya, kule ambako Ijumaa jioni hata mama wa ndizi sokoni hutazama jua kabla ya kutazama mteja. Nikaweka simu chini nikaendelea kuchambua sukuma. Swali likakataa kuondoka. Kwa hivyo naandika, na mtanisamehe nikipinda njia.

Nianze na la mahakamani, maana najua wengi watalitaja. Kanisa letu lilienda kortini kwa ajili ya watoto waliotakiwa kuingia darasani Jumamosi katika shule za umma. Mahakama Kuu ikatukatalia. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza mambo: watoto Wasabato waachwe waitunze Sabato, tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Niliposikia nililia. Silaha yetu ilikuwa Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kinachosema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Na Katiba hiyohiyo niliipigia kura ya La! Agosti 2010 nilikuwa Mwekundu kabisa, rangi ya kambi ya La, kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Sikutaka dini ya mtu mwingine ilindwe na sheria ambayo baadaye ilikuja kuilinda yangu. Hilo nimelimeza zamani. Lililonikwama kooni ni jingine.

Mwaka wa 1996 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana. Shule ilikuwa ya umma lakini mfadhili wake kanisa, na anayezijua shule za kwetu hahitaji kuelezwa mfadhili ni nani. Sabato ilikuwa Sabato kwa kila aliyelala ndani ya ua ule, awe Mkatoliki, awe Mpentekoste. Ijumaa jioni makarai yote yalirudi chini ya vitanda, na hakuna aliyeligusa lake hadi jua la Jumamosi lizame. Mimi nilikuwa kiranja wa dini.

Kitanda cha juu yangu alilala msichana Mkatoliki. Alikuwa na blauzi mbili na sketi moja. Jumamosi moja ya muhula wa pili, wenzetu wakiwa kwenye lesoni, somo letu la Biblia la Sabato, nilirudi bwenini kuchukua Biblia niliyoisahau (ndiyo, kiranja wa dini amesahau Biblia). Nikamkuta nyuma ya bweni ameinamia karai, anafua ile sketi na shuka. Maji yalikuwa yamegeuka rangi. Msichana yeyote aliyewahi kulala bwenini ameshaelewa, nami nilielewa palepale. Akainua macho. Hakuniomba nisiseme, nadhani hata hakuwaza kwamba kuna la kusema. Aliniambia tu, "Nisaidie kukamua shuka, ni zito."

Nikamjibu kwamba leo ni Sabato. Nikaenda zangu kwa mwalimu wa zamu.

Jioni gwarideni nilipewa nafasi ya kusoma fungu, na fungu nililichagua mwenyewe: Hesabu 15, kuanzia mstari wa 32, yule mtu aliyeonekana akikusanya kuni siku ya Sabato akapelekwa nje ya kambi na kupigwa mawe hadi kufa. Nilisoma kwa sauti nzuri. Nilikuwa na sauti nzuri.

Sasa oneni jinsi sheria inavyojikanyaga. Mwalimu hakuweza kumwadhibu siku ile, maana kulima ni kazi, na kazi hairuhusiwi Sabato. Adhabu ikangoja Jumapili asubuhi. Kulikuwa na kisiki cha mkaratusi nyuma ya jikoni. Kama hujawahi kung'oa kisiki cha mkaratusi usidhani ni kama kung'oa cha mparachichi. Ile mizizi huzama kama inatafuta maji ya nchi ya pili, na kila ukiukata mmoja unakuta mwingine umelala chini yake. Hakupewa sururu. Alipewa jembe lenye mpini uliolegea, ambalo kila baada ya kuchimba mara nne tano ilibidi aligonge chini ili likae sawa. Na saa hiyo ndiyo saa ambayo Wakatoliki, baada ya kuomba kwa miaka, walikuwa wamepewa darasa moja wasalie rozari. Dirisha la darasa lile lilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwenye kisiki. Wao Salamu Maria, yeye ko, ko, ko, analigonga jembe. Jumapili tatu. Kisiki chenyewe hakikutoka. Wapishi walikuja kulijaza lile shimo majivu.

Kabla ya hapo, kila asubuhi akishuka alikuwa akikanyaga ukingo wa godoro langu, nami nalalamika. Tangu siku ile hakukanyaga tena. Aliruka kutoka juu hadi sakafuni, kila asubuhi, mpaka tulipohamishwa bweni mwaka uliofuata.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba hata Katiba ya zamani, kifungu cha 78, ilikataza mwanafunzi kushurutishwa kushiriki ibada ya dini isiyo yake bila ridhaa yake, au ya mlezi wake kama ni mtoto. Ya mlezi! Bila shaka mzee wake alikuwa ametia saini ile fomu ya kujiunga na shule, kama baba yangu alivyotia, kwa sababu nafasi ilikuwa imepatikana na nani angeanza kusoma kanuni. Siku hizi Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kulea wanafunzi kiroho huku akizilinda dini za wengine. Maneno mazuri. Muulizeni aliye bwenini.

Kwa hivyo mmeuliza nifuate ipi, na mimi naona swali lililonisumbua ni nani mwenye ruhusa ya kumfuatisha mwenzake. Lile fungu la Hesabu linasema wale waliomwona ndio waliompeleka kwa Musa. Hawatajwi majina. Nilikuwa nikiliona kama fungu la mwokota kuni. Sasa nikilifungua nawatafuta wao. Na kitabu hichohicho, sura ya 6, ndicho Marasta husoma kwamba wembe usipite kichwani. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ilimrudisha darasani msichana Mrasta aliyekuwa amefukuzwa kwa ajili ya nywele zake, na jirani yangu, mzee wa kanisa aliyeshangilia nami 2017, akasema nchi imeharibika.

Basi jibu langu ni Katiba. Sikutarajia kuliandika neno hilo nilipoanza. Ila msilichape peke yake. Mwanangu hatafanya mtihani Jumamosi hata Mahakama ya Juu ikiamuru, na ikifika huko tutakaa nyumbani tuchemshe githeri ya Ijumaa. Tena yuko shule ya kanisa, ya kibinafsi, yenye fomu ileile, na nimeitia saini. Mtaniambia najipinga. Kibinafsi si umma, ndivyo ninavyojiambia, na siku nyingine naamini.

Halafu kuna amri yenyewe. Haisemi mimi tu nipumzike. Inasema wala mjakazi wako, wala mgeni aliye ndani ya malango yako. Dada anayenisaidia nyumbani ni Mkatoliki, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kufua joho la kwaya. Siku yake ni yake, tulikubaliana hivyo alipokuja, lakini kamba ni yangu na lango ni langu, na mwaka wote wa kwanza nilikuwa nikipita pale nikielekea kanisani na shingo imekakamaa.

Juzi Jumamosi tumerudi mchana, yeye ameenda mazoezini, joho liko kambani, na mvua ya Nairobi mnaijua, haipigi hodi. Nikashuka nikalianua, nikalikamua pindo, nikalitundika jikoni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na Biblia kwapani. Akaniuliza kama hiyo si kazi.