Akisema "kitoe", kitoe

Muuguzi mmoja wa zahanati ameniandikia. Mteja wake ana miezi minne tangu awekewe mkononi kijiti cha uzazi wa mpango, hedhi inachezacheza, anataka kitolewe. Mkubwa wake wa kazi ameagiza arudishwe nyumbani "akavumilie kidogo, mwili utazoea". Muuguzi anauliza amwambieje huyo dada.

Asimwambie kitu. Aandae trei ya kutolea.

Semina tumekaa nyingi kuhusu huduma inayofuata matakwa ya mteja, na bango la haki ya kuchagua liko ukutani karibu kila kliniki ya mama na mtoto. Ila uchaguzi tunaoupenda ni ule wa kuingia: vidonge, sindano, kitanzi au kijiti. Anayetaka kutoka tunamfanya mwombaji. Wa vidonge hana shida, anaacha mwenyewe nyumbani kwake. Wa sindano hatokei tarehe yake ikifika. Wa kijiti hana njia, kwa sababu kisu unacho wewe. Ndiyo maana nikitaka kujua kama kituo kinaheshimu wateja, sihesabu waliowekewa vijiti mwezi huu. Nauliza wangapi walikuja kutoa, na wangapi kati yao walitolewa siku ileile.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. "Karibu dada. Umesema unataka kutoa kijiti, sawa, tunaweza kukitoa leo. Kuna kinachokusumbua ungependa tukiangalie kwanza?" Mpangilio huo una maana yake. Ukianza na "kwa nini?", atajua anahojiwa na atatafuta sababu itakayokuridhisha, mara nyingi ya uongo. Akishasikia kwamba kitatoka, anasema ukweli. Huenda ni damu tu, na angependa kuendelea kama ingetulia. Hapo hakikisha hana mimba wala maambukizi, kisha mweleze kuna ibuprofeni, miligramu 800 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5, kama hana vidonda vya tumbo. Akikubali, mpe. Akikataa, usirudie mara ya pili. Dawa hiyo ni chaguo lake, msiigeuze tozo ya kulipia kisu. Na tafadhali, suala la "kamlete mume wako" life. Mkono ni wake.

Sasa kisu. Kijiti cha aina ya Implanon NXT ni kimoja, urefu wake sentimita 4. Aina ya Jadelle ni vijiti viwili, kila kimoja sentimita 4.3. Soma kadi ujue unatafuta vingapi, kisha papasa mkono mpaka uhisi ncha zote mbili za kila kijiti. Weka alama kwenye ncha iliyo upande wa kiwiko. Safisha ngozi, choma ganzi, lidokeini ya asilimia 1 kiasi cha mililita 1, CHINI ya ncha hiyo. Wengi hukosea hapa: wakichoma juu, ngozi inavimba, kijiti kinazama, na wanaanza kuchimba. Subiri ganzi ishike, mguse umuulize. Bonyeza ncha ya upande wa kwapa ili ile ya kiwiko iinuke, chana milimita 2 hadi 3 kufuata urefu wa kijiti, kisha kisukume taratibu kuelekea kwenye mchano. Mara nyingi kinachungulia chenyewe. Kisipotoka, kimezungukwa na utando mweupe. Ukwangue taratibu, kisha ukishike kwa koleo ndogo iliyopinda.

Kikitoka, kipime kwa rula na umwonyeshe. Usiruke hatua hii. Kwa upande wako unathibitisha hakuna kipande kilichobaki, na mteja anaondoka hana wasiwasi kwamba bado kuna kitu mwilini. Funga bandeji ya kubana kwa saa 24, plasta ikae siku 3 hadi 5, pasilowe.

Ukipapasa usikipate, usichane. Hapa matakwa ya mteja hayakupi ruhusa ya kubahatisha, maana mishipa ya damu na ya fahamu iko jirani. Mpe rufaa ya ultrasaundi, na andika kwenye karatasi aina ya kijiti: Implanon NXT huonekana pia kwa eksirei, Jadelle haionekani vizuri hivyo. Mpe jina la kituo na siku ambayo mtaalamu yupo. "Nenda wilayani" siyo rufaa.

Kwa wasimamizi. Wateja hawakataliwi kwa roho mbaya tu. Timu ya huduma ya mkoba, ile inayozunguka vijijini, inakuja, inaweka vijiti kijiji kizima, inaondoka na vifaa vyake. Muuguzi anayebaki hakufundishwa kutoa, na ganzi iliisha kwa kushona vidonda. Kwa hiyo usipokee siku ya kuweka bila kuuliza nani atatoa, na kwa vifaa gani. Tenga seti mbili za kutolea zilizotakaswa, chupa ya lidokeini isiyoguswa na idara nyingine, na watoa huduma wawili wenye ujuzi, ili mmoja akiwa likizo huduma isilale. Kwenye rejesta ongeza safu ya walioomba kutoa wakaondoka nacho, na sababu yake. Safu hiyo itawaaibisha miezi ya mwanzo, na mnastahili.

Pia semeni siku ya kuweka, kabla ya ganzi: hedhi inaweza kuvurugika, kuruka au kukoma, na siku yoyote ukitaka kitoke, rudi. Kadi nyingi zinaandikwa tarehe ya mwisho tu, na mteja anadhani ni mkataba wa miaka 3 au 5.

Kuhusu huyo dada wa miezi minne: baada ya kukitoa, mwambie uwezo wa kushika mimba unarudi haraka, hata kabla ya hedhi inayofuata. Akitaka njia nyingine, aanze nayo hapohapo. Akisema hataki yoyote, mpe kondomu akizipenda na mwache aende. Akisema anatafuta mtoto, mwanzishie asidi ya foliki, miligramu 0.4 kila siku.