Maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone

Mkuu uliyeuliza, van ya zamani kupoteza lita moja ya maji ya rejeta kwa wiki bila tone chini si uchawi. Angalia asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ya moto usifungue mfuniko wa rejeta, utaungua. Mulika tochi chini ya pampu ya maji: pana kitundu kidogo, na sili ya pampu (kizuizi cha maji) ikichoka huacha michirizi mikavu yenye rangi ya kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Halafu papasa zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na utelezi na harufu tamutamu, hita, yaani kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, ndiyo inavuja. Wengi hubadilisha rejeta bure kabla ya kugusa hapo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au oili kama maziwa? Shuku gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake), na usiiendeshe van.